Uskoti wananipa tuni bure, kwetu nilibeba viti miaka miwili

Mie mtoto wa Unguja, nipo Edinburgh mwaka wa saba huu, na najua nnachotaka kusema kitaniletea maneno kwenye grupu la familia lakini acha yaje. Nikiwa na miaka 15 nilitaka kujifunza kupiga udi, nikaenda kwenye kikundi kimoja cha taarab pale mjini (sikitaji), nikakaribishwa vizuri tu, na kazi yangu ikawa kupanga viti, kuchemsha kahawa na kumbebea mzee mmoja ganuni yake, ile ala ya nyuzi nyingi ya kupakata, mpaka mlangoni kwake. Miaka miwili jamani. Nilichojifunza nilikiiba, nasimama nyuma ya mlango wakifanya mazoezi afu nakimbia nyumbani kabla sijasahau, kwenye udi wa babu ambao nusu ya nyuzi hazipo.

Sasa njoo huku. Kuna baa inaitwa Sandy Bell's, barabara ya Forrest Road, watu wanakaa pembeni na ala zao wanapiga tuni za kwao za zamani, wenyewe wanaita sesheni, hamna jukwaa hamna maiki. Mama kusikia baa akanikatia simu, ikabidi nimpigie tena nimwambie mama nakunywa juisi, angalia hii hapa glasi. Siku ya kwanza nilisikiliza tu. Ya pili nikabeba udi, moyo unanidunda, nikijua ntaambiwa hiki kidude chako hakihusiki. Mzee mmoja wa fidla akasogeza mkoba wake, akanambia keti, akaniuliza unajua tuni gani, nikamwambia sijui hata moja. Basi akanipigia jigi, tuni ya dansi, polepole, kipande cha kwanza, akarudia, cha pili, akarudia, maana tuni zao nyingi ndivyo zilivyo, vipande viwili vya vipimo nane nane na kila kimoja unakipiga mara mbili. Asubuhi yake akanitumia WhatsApp, si picha si sauti, ni herufi tupu, juu kaandika M:6/8 na K:D, yani mapigo na ufunguo wa tuni, afu chini ndo noti zenyewe kwa a, b, c. Tuni nzima ndani ya meseji moja, fupi kuliko salamu za shangazi yangu.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba tuni haina ala yake. Nyingi zimetokana na ile zumari ya mfuko, paipu, na paipu ina noti tisa tu, kwa hiyo karibu kila ala inaziweza. Lakini paipu ukishaijaza upepo haikatiki, yani huwezi kunyamaza katikati ya noti mbili zinazofanana, ndo maana wapigaji wake wanachomeka vinoti vidogo vidogo vya kukatia. Mtu wa fidla akiichukua tuni ile ile vile vinoti anavifanya kwa upinde, wa filimbi ya bati anavifanya kwa kidole, na mie nkawa navifanya kwa risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi za udi, naitetemesha kama tunavyofanya kwetu, na hakuna aliyesema hapana siyo hivyo. Kilichonitoa jasho ni strathspey, aina nyengine ya tuni zao za dansi. Ile mkazo uko kwenye noti fupi, ndefu inafuata nyuma, kama mtu anajikwaa kila hatua na haanguki. Wiki tatu mkono ulikataa. Ami yangu wa Muscat nilipomrekodia alicheka, eti paipu unatuletea habari leo, wanajeshi wa Oman wanazipiga kwenye magwaride tangu zamani.

Na msinielewe vibaya, Waskoti sio malaika. Sesheni ina sheria zake hazijaandikwa popote, tuni huijui nyamaza, na bodhrán, dufu lao la kupiga kwa kijiti, wakikaa wawili wewe wa tatu utaangaliwa hivyo mpaka uirudishe mfukoni. Na hiyo roho ya kugawa haikushuka kutoka mbinguni. Kisiwani Barra watu waliona watoto wao muziki wa Kigaeli unawapita, 1981 wakaanzisha fèis, siku kadhaa za kuwafundisha watoto kupiga na kuimba, na vijiji vingine vikaiga. Waliogopa kupoteza ndo wakafungua mlango. Sie tuna chuo cha muziki Unguja tangu 2002, kimefanya kazi kubwa sikatai, ila chuo ni chuo, nnachokisema mie ni pale kibarazani, mtoto aje na filimbi yake aambiwe keti.

Kitu kimoja kwetu tunawazidi mbali. Huku ukipiga vizuri mtu anatikisa kichwa anarudi kwenye bia yake, kwetu mama wa watu anainuka na noti yake ya hela juu anakuja anacheza mpaka mbele yako kukutunza. Ile nnaikosa sana.

Sasa juzi kati yule mzee akanambia, nawe tupe moja ya kwenu. Nikakwama. Nina vipande, cha bashrafu hii na ile (ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab), vya nyuma ya mlango vyote, nzima sina hata moja. Nikampigia mzee wangu wa ganuni, nikamwomba bashrafu moja ya nahawandi, makamu isiyo na robo sauti, zile sauti za katikati ya noti mbili, kwa sababu akodiani yao haina hizo, na nyengine nyingi zingewashinda. Akanyamaza kwanza. Afu, "Mwanangu, hivi vitu havigawiwi ovyo." Baada ya siku nne akanitumia voisi, sekunde arubaini, sehemu ya kwanza tu.

Nikawapa. Sasa hivi wanaipiga, filimbi, fidla mbili na akodiani, polepole lakini wanaipiga, na kila Jumanne wananiuliza sehemu ya pili iko wapi. Mzee nishamtumia hela ya kahawa mara mbili, kasema tutaona baada ya Mfungo Mosi.