Mama anapimwa presha kila mwezi, kizazi je?

Mi hii kauli kwamba wanawake wetu hawapimi saratani ya shingo ya kizazi sababu hawapendi hospitali, siikubali kabisa. Hospitali ipi hiyo? Nenda kliniki ya presha na sukari asubuhi yoyote hapa Dar uone foleni, benchi zima ni kina mama na mabibi, kadi ziko kwenye mfuko wa nailoni zisilowe, wametoka na daladala ya alfajiri na wengine hata chai hawajanywa sababu wanasubiri kupimwa sukari. Na wanarudi kila mwezi, mwaka nenda mwaka rudi. Mkono kwenye mashine, anaandikiwa dawa za presha na sukari, amlodipini na metfomini, haya mama tarehe yako hiyo.

Mama yangu mdogo ni wa hiyo foleni miaka mingi sasa na hamna aliyewahi kumuuliza kama ashapima shingo ya kizazi. Na chumba cha kupimia kiko jengo hilohilo jamani, upande wa mama na mtoto!

Wakati saratani ya hapo ndo inaongoza kwa wanawake Tanzania, na karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV. Kutoka kuambukizwa mpaka kansa mara nyingi inachukua miaka 15 hadi 20, kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa inaweza kuwa 5 hadi 10, sasa piga hesabu huyo mama kapita mbele ya daktari mara ngapi muda wote huo.

Kipimo chenyewe wala hakina makuu. Unapanda kitandani, nesi anaweka spekulamu, kile kifaa cha kupanua uke, anachovya pamba kwenye siki iliyozimuliwa na kupaka shingo ya kizazi, mnasubiri kama dakika moja, penye mabadiliko panageuka peupe, na mara nyingi panachomwa kwa joto siku hiyohiyo, unarudi zako nyumbani. Kinakera kidogo, na aibu ya kulala vile mbele ya nesi sawa na binti yako ipo, sidanganyi. Kwa aliyekoma hedhi siki haisaidii sana maana sehemu ya kuangaliwa inakuwa imeingia ndani, huyo anafaa kipimo cha HPV, ambacho sampuli anaweza kujichukulia mwenyewe.

Mabinti angalau wana chanjo ya HPV, ilianza nchi nzima 2018 na 2024 ikawa dozi moja, wakachanjwa wa miaka 9 hadi 14. Mama zao haikuwakuta.

Nikisema hivi naambiwa manesi wachache, wamechoka. Kweli wamechoka. Ila mi sijasema wampime palepale, nimesema waulize, ushawahi kupima? Hajawahi, iandikwe kwenye kadi, aelekezwe chumba. Presha yenyewe wanapima watu wote bila kusubiri mtu aumwe kichwa, sasa kizazi kwa nini kisubiri mpaka mama aone damu baada ya tendo au damu imrudie wakati hedhi ilishakoma?