Gitaa la toleo maalumu: unalipia tumbo au unalipia namba?

Kampuni ikitangaza toleo maalumu la gitaa la umeme lenye tumbo tupu, nakala mia chache za modeli ya miaka ya 1950 au 1960, ubishi huanza kabla gitaa lenyewe halijafika dukani. Wapo wanaosema ni wizi wa mchana kweupe: tumbo ni plaiwudi, pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) ni waya na sumaku, bei hiyo imetoka wapi? Wapo wanaojibu kwamba gitaa la aina hii halichongwi na mashine kama gitaa la ubao mzima, kwa hiyo anayetaka kazi nzuri alipe. Wote wana sehemu ya ukweli. Tatizo ni kwamba bei moja imebeba mambo matatu kwa pamoja: tumbo na shingo, vanishi, na uhaba uliopangwa ofisini. La kwanza ndilo pekee usiloweza kulinunua baadaye.

Tuanze na plaiwudi, maana ndiyo shutuma inayotolewa mapema. Kwa magitaa haya, mbao za tabaka si njia ya mkato iliyobuniwa juzi. Gibson ES-175 ilitoka mwaka 1949 ikiwa na uso (ubao wa mbele wa tumbo) wa tabaka makusudi, na Epiphone Casino ya mwaka 1961 nayo ni ya tabaka. Mbao hizo hutulia zaidi unyevu ukibadilika, na hupunguza mtikisiko wa uso, hivyo fidibaki (mlio wa kujirudia) huchelewa kidogo amplifaya inapofunguliwa. Kwa hiyo toleo la marudio lenye uso wa mbao nzima iliyochongwa lingekuwa gitaa jingine kabisa, hata kama lingegharimu zaidi.

Swali la maana ni unene wa tabaka na mihimili iliyogundishwa chini yake. Chukua kalipa (kipimio cha unene), pima ukingo wa tundu la f, lile lenye umbo la herufi f usoni, kisha pima modeli ya kawaida ya kampuni hiyohiyo. Ukikuta unene uleule hadi sehemu ya kumi ya milimita, yaelekea uso umetoka kwenye kalibu ileile. Hapo ndipo hesabu ya bei inapojitokeza. Uso uliobenuka hukandamizwa kwa kalibu, na kalibu mpya ni gharama kubwa inayogawanywa kwa idadi ya magitaa. Kampuni iliyotengeneza kalibu mpya kwa ajili ya magitaa 300 ina haki ya kudai zaidi kwa kila moja. Iliyotumia kalibu ya siku zote ikabadilisha rangi na vitasa, haina.

Gretsch 6120 ni mfano mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda kiliweka ndani ya tumbo mihimili iliyoungana na mgongo kwa miguu, ili uso usitikisike ovyo. Matoleo yanayofuata modeli ya 1959 yamerudisha mihimili hiyo, na sauti hubadilika kweli: inakuwa kavu zaidi na noti inadumu zaidi. Huwezi kumpa fundi kazi ya kuiongeza kupitia tundu la f. Tofauti ya namna hiyo inastahili pesa.

Shingo ndiyo inayoleta hasara kubwa zaidi. Seti ya nyuzi za 10–46 huvuta kwa jumla karibu kilo 44, ya 11–49 karibu kilo 50, na gitaa lisilo na gogo katikati hutegemea kigogo kidogo cha ndani pale shingo inapoingia. Fundi huchonga ulimi wa shingo, anaujaribisha, anapunguza unyuzi wa mbao, anaujaribisha tena, kisha anatia gundi. Kazi hii haipendi haraka, na ni kweli ina gharama. Ila wanaotetea bei husahau upande wa pili: kundi dogo halimaanishi umakini mkubwa. Kiwanda kinachotengeneza modeli moja mwaka mzima hurekebisha vishikio vyake hadi pembe ya shingo ikae sawa bila kufikiria. Toleo la magitaa 200 huweza kwisha kabla mafundi hawajazoea kipimo kipya, na magitaa ya mwanzo ndiyo yanayobeba kasoro.

Kasoro yenyewe ni rahisi kuibaini. Kaza nondo ya chuma iliyo ndani ya shingo hadi shingo inyooke, laza rula ndefu ya chuma juu ya freti (vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni), isogeze hadi ifike kwenye daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso. Ncha yake inapaswa kugusa juu ya daraja lililopandishwa kidogo tu. Ikigonga ubavu wa daraja, pembe ni ndogo: utashusha daraja hadi chini kabisa na nyuzi bado zitakuwa juu. Rula ikipita juu sana, daraja litalazimika kunyanyuliwa mno, nyuzi zitaukandamiza uso zaidi, na baada ya miaka uso unaweza kuzama. Kung'oa shingo kwa mvuke na kuigundisha upya huharibu vanishi na hupunguza thamani ileile uliyoilipia. Gitaa lenye kasoro hii rudisha, hata likiwa na namba 001.

Vanishi nayo huongeza bei kwa haki, ingawa mimi siipi uzito mwingi. Nitroselulosi, vanishi ya zamani iitwayo nitro kwa kifupi, hupakwa kwa mikono mingi myembamba na huchukua wiki kukauka vizuri, ilhali vanishi za poliesta hukaushwa kwa taa kwa muda mfupi. Baada ya rangi, utepe wa pembeni hukwanguliwa kwa wembe inchi kwa inchi. Ukiona rangi imevuja kwenye utepe karibu na kisigino cha shingo, basi sehemu hiyo ya bei haikufanyiwa kazi. Na usiegemeze gitaa la nitro kwenye stendi yenye mpira, litashika alama.

Kuhusu uhaba, mfano unaotosha ni Epiphone Casino za kumuenzi John Lennon wa Beatles, za mwaka 1999: kila modeli kati ya mbili ilipangiwa magitaa 1,965. Idadi hiyo imetoka kwenye kalenda, yaani mwaka 1965, si kwenye uwezo wa karakana. Linganisha na Casino iliyoanza kutengenezwa Nashville, Marekani, mwaka 2021 kwa takriban dola 2,700 bila namba ya toleo, wakati ile ya China ilikuwa chini ya dola 1,000. Pengo hilo kubwa limetokana na ujira, vanishi na vifaa. Ukiona toleo maalumu limepanda dola 800 juu ya modeli inayotoka kiwanda hichohicho, uliza ni kitu gani kilichobadilika ndani.

Vingi kati ya vilivyobaki hubadilishika. Poti (vidhibiti vya sauti) za kilo-omu 500, kapasita za maikrofaradi 0.022, hata pikapu, vinanunulika kando. Kazi yake inachosha kwa sababu kila kitu hupitia tundu la f: chomeka mpira mwembamba wa milimita 6 kwenye shina la kila poti kabla hujaitoa, ili uivute irudi kwenye tundu lake. Kizingiti cha nyuzi karibu na kichwa kikibana, hasa penye mkono wa Bigsby unaotikisa noti, fundi anakipanua kwa tupa ndogo. Daraja lisilolala vizuri kwenye uso linarekebishwa kwa msasa namba 120 uliolazwa juu ya uso wa gitaa, upande unaokwaruza ukiangalia juu, na kusugua kitako cha daraja juu yake hadi karatasi isipenye.

Kwa hiyo toleo likiwa na kalibu mpya, mihimili tofauti na shingo iliyopita kipimo cha rula, bei ya juu ninaikubali. Tofauti ikiwa ni rangi na cheti, chukua modeli ya kawaida, kisha sehemu ya pesa iliyobaki mpe fundi asawazishe freti, achonge kizingiti kipya na abadilishe poti. Anayenunua kwa kutegemea kuuza baadaye afanye hesabu tofauti, na akumbuke kwamba ubao wa freti wa rozwudi ya Brazil uko kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, tangu 1992. Msamaha wa mwaka 2019 kwa ala zilizokamilika haukuigusa, hivyo kuliuza gitaa hilo nje ya mpaka kunahitaji kibali.