Usichague mkopo wa nyumba kwa rejesho la mwezi peke yake

Waombaji wengi wa mkopo wa nyumba wakifika mbele ya ofisa wa benki wana swali moja: kila mwezi nitakatwa kiasi gani? Ni swali la haki, maana mshahara ndio utakaobeba mzigo. Linaponiuma ni pale linapobaki swali pekee, wakati muda wa mkopo ndio unaoamua nyumba itakugharimu kiasi gani.

Chukua mkopo wa milioni moja, riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua, yaani kwenye deni lililobaki tu. Kwa miaka 20 rejesho ni kama 11,011 kwa mwezi. Kwa miaka 15 ni kama 12,002. Tofauti haifiki 1,000, lakini wa miaka 20 atalipa jumla ya karibu 2,643,000, na wa miaka 15 karibu 2,160,000.

Angalia rejesho la kwanza la huyo wa miaka 20. Riba ya mwezi huo ni 10,000, kwa hiyo kinachopunguza deni ni 1,011 tu. Mwezi wa pili riba inatozwa kwenye deni ambalo halijasogea sana, na hali huenda hivyo kwa miaka mingi. Akimaliza mwaka wa 15 bado anadaiwa karibu 495,000, wakati mwenzake wa miaka 15 tayari amemaliza na hati ya nyumba yake inaachiwa na benki.

Sisemi kila mtu ajibane na muda mfupi. Mwenye kipato kinachopanda na kushuka anahitaji nafasi ya kupumua, kwani nyumba yenyewe ndiyo dhamana na marejesho yakikwama inaweza kuuzwa. Huyo ningemshauri achukue muda mrefu, kisha alipe ziada mapema kila anapopata. Katika mkopo ule ule, rejesho moja la ziada mwezi wa kwanza hufuta takriban marejesho kumi ya mwisho. Ila asome mkataba kwanza. Wapo wakopeshaji wanaotoza adhabu ukilipa kabla ya wakati, na wapo wanaoichukulia ziada kama rejesho la mwezi ujao badala ya kuipunguza kwenye deni lenyewe.

Riba inayobadilika nayo inataka tahadhari. Ikipanda mapema kutoka asilimia 12 hadi 14, lile rejesho la 11,011 halitoshi hata kulipa riba ya mwezi, na ili umalize ndani ya miaka ile ile 20 utatakiwa kulipa zaidi ya 12,400. Kama kiasi hicho kitakushinda, basi mkopo huo ni mkubwa kuliko uwezo wako hata kama benki imeukubali. Kipimo cha benki ni je, utalipa. Kama watoto watabaki na cha kula baada ya makato, hilo ni lako kulipima.

Kianzio (sehemu ya bei unayotanguliza mwenyewe), ada ya mthamini, wakili, usajili na bima viwekee fedha zake pembeni, visije vikakukuta umeshamaliza akiba.

Kabla ya kusaini, omba jedwali la marejesho yote, mwezi kwa mwezi, riba na deni vikiwa safu mbili tofauti. Kaa nalo nyumbani na mwenzi wako. Mkopeshaji akikataa kulitoa, mimi ningetafuta mwingine.