Shirley Jackson na nyumba yake ya mizimu: tumjue mwandishi kwanza ama tusome tu?

Swali ni hili: ukitaka kusoma kitabu cha mizimu, inafaa umjue aliyeandika kwanza, ama ukishamjua unaua mzimu kabla haujabisha hodi? Tumelibishania sana hapa Nakuru na wenzetu wa Kisumu, juu ya The Haunting of Hill House, noveli ya Shirley Jackson wa Marekani iliyotoka 1959, na mi naona pande zote mbili ziko na kitu ingawa upande mmoja umekuwa ukipewa ushindi rahisi sana.

Kwa wale hawajaisoma, stori iko hivi. Daktari Montague, msomi anayetaka kuthibitisha kisayansi kama mizimu iko, anakodisha jumba kubwa liko mbali na watu halafu anaalika wageni wakae naye waone kitatokea nini. Wanaokuja ni Theodora, Luke ambaye ni mrithi wa hiyo nyumba, na Eleanor Vance, mwanamke wa miaka 32 ambaye ujana wake umeishia kumuuguza mamake mgonjwa, miaka 11 mzima, na sasa mama amekufa na yeye analala kwa dadake kama mtu amehifadhiwa tu. Usiku milango inagongwa, kuna mahali pamoja kwa nyumba baridi haitoki, ukutani kunapatikana maandishi ya chaki yanamtaja Eleanor kwa jina yakitaka arudi nyumbani, na kuna ile sehemu Eleanor ameshika mkono wa Theodora gizani kwa nguvu, taa ikiwaka anaona Theodora yuko kwa kitanda chake upande ule mwingine wa chumba, sasa ule mkono ulikuwa wa nani? Jackson hakuambii. Hata sura ya mzimu hakuonyeshi, kitabu kinaisha ukiwa bado unauliza.

Sasa wale wa kusema ujue mwandishi kwanza wana hoja nzito. Jackson alizaliwa San Francisco 1916, akaolewa na Stanley Edgar Hyman, mhakiki wa vitabu aliyefundisha Bennington College, wakaishi mji mdogo wa North Bennington huko Vermont na watoto wanne. Jina lilimtoka 1948 gazeti la The New Yorker lilipochapisha hadithi yake fupi, The Lottery, kuhusu kijiji kinachochagua mtu kwa kura halafu kinampiga mawe, na barua za wasomaji wenye hasira zikamiminika. Lakini huyo huyo mama alikuwa anaandikia magazeti ya akina mama stori za kuchekesha kuhusu watoto wake na vyombo vichafu na paka, na pesa ya kalamu yake ilipita mshahara wa mzee, na bado mzee ndiye alikuwa anashikilia hiyo pesa na kumgawia. Halafu kuna mamake, Geraldine, ambaye hakuacha kumkosoa mwili, nguo, venye anaonekana, hata Shirley akiwa mtu mzima na vitabu vyake viko madukani. 1962 gazeti la Time lilitoa picha yake na mama akaandika barua kulalamika venye binti anaonekana vibaya kwa hiyo picha. Haya yote yako kwenye wasifu alioandika Ruth Franklin, uliotoka 2016, na ukishausoma huwezi tena kupita haraka ile sehemu Eleanor anakiri kwamba usiku mamake alipokufa aligonga ukuta akiitisha dawa, na yeye Eleanor hakuamka, ama labda aliamka akasikia akarudi kulala.

Kuna kitu kingine Jackson mwenyewe alisimulia ambacho mi hunisisimua kuliko hata kitabu. Akitafuta picha ya nyumba ya kumsaidia kuandika alikutana na picha ya jumba moja la California lenye sura mbaya, akamuandikia mamake aliyekuwa anaishi huko kumuuliza kama anajua chochote, na mama akajibu kwamba hiyo nyumba ilijengwa na babu wa ukoo wao. Yaani hata ramani ya nyumba ya mizimu ilipitia kwa mama.

Kwa hivyo wanasema: si umeona, nyumba ni mama, mzimu ni ile sauti ya kukosoa, Eleanor ni Shirley, kwisha. Na hapo ndipo mi naanza kuvuta kamba upande ule mwingine.

Shida ya kumaliza haraka hivyo ni kwamba noveli inageuka faili ya hospitali. Mtu akishaambiwa mwandishi alikuwa na wasiwasi mwingi, kwamba miaka yake ya mwisho kuna wakati hata kutoka nje ya nyumba kulimshinda, kwamba alikufa usingizini 1965 akiwa na miaka 48 tu, anaanza kusoma kila mlango unaojifunga kama dalili ya ugonjwa. Haogopi tena, anahurumia. Na kitabu hakikuandikwa ahurumie peke yake, kiliandikwa aogope, na Jackson alifanya kazi ngumu sana kuhakikisha kwamba si Eleanor pekee anayesikia ile kelele mlangoni, Theodora anaisikia pia, na daktari na Luke usiku huo wametolewa nje wakifuata kitu kama mbwa. Ukisema yote iko kwa kichwa cha Eleanor inabidi uruke hizo kurasa. Pia Geraldine alikuwa hai 1959, mzima kabisa, anatuma barua, na mama wa Eleanor amekufa, sasa hiyo tofauti ni kubwa sana kwa mtu yeyote aliyekulia huku kwetu.

Hii ndiyo sehemu nataka tukae kidogo. Msomaji wa Kisumu ama Kakamega akichukua hii kitabu bila kuambiwa lolote kuhusu Jackson hatauliza kama mizimu iko, atauliza huyu aliyekufa anadai nini. Kwa imani za wazee wetu Waluo, jachien, yaani mzimu wa aliyekufa na kinyongo, haji bure, anakuja juu kuna deni, mtu alikosewa ama alinyimwa kitu akielekea kufa. Sasa angalia: mama amegonga ukuta usiku, hakujibiwa, akafa. Baadaye binti analala kwa nyumba ngeni, kelele ya kugonga inaanza, na neno la kwanza linalomtoka Eleanor akiwa nusu usingizini ni kwamba anakuja, mama, anakuja. Kisha mke wa Daktari Montague anafika na kile kifaa chake cha kuuliza mizimu maswali, na majibu yanayotoka ni yale yale, mama, nyumbani, na jina la Eleanor. Mtu wa Gem hahitaji wasifu kuelewa hapo, anajua mara moja kwamba Eleanor amekuja na mzimu wake ndani ya gari, na kwamba hakuna mtu kwa hiyo nyumba anajua cha kufanya, hakuna mzee wa kuongea na aliyekufa, hakuna kitu kinalipwa.

Na kuna ile ingine chungu zaidi. Eleanor hajaolewa, hana chumba, hata gari amelichukua bila ruhusa ya dadake ingawa nusu ni yake. Kwa mila za zamani za huku, Waluo na Waluhya wengi, binti wa aina hiyo hana mahali pa kujengewa ndani ya boma la babake na hata akifa anazikwa nje ya ua. Tunawajua hao akina dada, ndio huachiwa mzazi mgonjwa wengine wakienda mjini, halafu mzazi akizikwa wanabaki wakizunguka na mkoba. Nyumba inayomwambia mtu kama huyo njoo nyumbani haihitaji kumtisha, inahitaji kumwita tu. Hii nimeisoma kwa kitabu chenyewe, bila msaada wa barua ya mtu.

Hata jumba lenyewe halitupotezi. Hugh Crain alimjengea mke wake hilo jumba, lakini akiletwa gari la farasi likapinduka kwa njia ya kuingilia na huyo mke akafa kabla hajaliona. Watu wa Nakuru tuna kasri la Lord Egerton pale Njoro, vyumba 52, lilianza kujengwa 1938 likaisha 1954, na stori inayosimuliwa ni kwamba alimjengea mwanamke aliyemkataa, akabaki peke yake humo na wanawake wakipigwa marufuku kusogea hadi alipokufa 1958. Ukishatembea kwa zile ngazi unaelewa Hill House bila maelezo mengi.

Kuna hatari pia ya kumjulisha mwandishi kwa ile njia ya biashara. Noveli yake ya kwanza ilipotoka 1948 alitambulishwa kwa wasomaji kama mchawi wa kujifunza, na yeye alipenda huo mchezo, alikuwa na vitabu vingi vya uchawi. Huko Marekani hiyo ilikuwa ya kuuza kitabu. Huku si mchezo, Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa Marani, Kisii, wakisingiziwa uchawi, na wao hawakuwa wameandika chochote. Kwa hivyo nikiona mtu anamtambulisha Jackson kwa kijana wa shule kwa kuanza na "alikuwa mchawi" mi hukasirika kabisa, afadhali asiseme lolote.

Lakini sitaki kudanganya kwamba kumjua mwandishi ni kupoteza wakati, juu nina mfano wa karibu unaonipinga. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo 1930, aliandika The Promised Land, 1966, ambapo Ochola anahamia Tanganyika na kuota miiba mwilini kwa kurogwa na jirani, na hospitali ya mzungu inashindwa. Ukiisoma hivi hivi unaweza sema ni hadithi ya kienyeji. Halafu ujue kwamba Ogot alikuwa muuguzi, alisomea Uganda na Uingereza, akafanya kazi hospitali ya Maseno. Sasa anayekuambia dawa ya hospitali ilishindwa ni mtu aliyejua dawa ya hospitali, na ile miiba inakuwa mikali zaidi. Hapo kumjua mwandishi kumeongeza woga badala ya kuupunguza.

Kwa hivyo mi nakubali wasifu ukija baada ya kitabu, na ukija kuongeza. Soma Hill House kwanza, usiku ukitaka, ndio utafute Jackson, na ukimpata usianzie kwa ugonjwa, anzia kwa kazi, mama wa watoto wanne anayeandika kati ya kupika na kufua na bado anatoa kitabu kama hiki akiwa na miaka 42.

Kuna jambo moja pande zote mbili zinaliruka, nalo ni Daktari Montague. Eleanor amepanda ile ngazi mbovu ya chuma usiku, amechanganyikiwa wazi, asubuhi anawaambia hana pa kwenda, kile chumba chake alichowasimulia alikitunga. Daktari anaamua aende, wanapakia mzigo, anaendesha gari peke yake hadi kuligonga kwa mti, na sekunde ya mwisho anajiuliza mbona hawanizuii. Tunabishana kama ni mama ama ni nyumba iliyomuua, na wale walio hai wamesimama pale wakimpungia mkono. Hata ukisema mizimu haiko bado hao wana la kujibu, na hata ukisema iko.