Kusafishwa meno kusiwe kama kupigwa patasi

Mama yangu alikaa miaka na miaka hakanyagi kwa daktari wa meno na sababu yake ilikua moja tu, ile siku aliyosafishwa zamani kwenye kliniki moja ambayo siitaji, akakwaruzwa na vile vyuma vya ncha kama ndoana mpaka ncha ya leso ikajaa damu. Hakusema kitu. Ati amezaa watoto sita, meno ndio yamtoe machozi mbele ya watu? Akarudi nyumbani kimya, lakini kumwambia aende tena, aka.

Na hayuko peke yake. Hapa Amu, yaani Lamu, ukimuuliza mtu mbona wasubiri mpaka jino liwe la kung'oa atakwambia pesa, atakwambia safari, ila ukikaa nae barazani vizuri kahawa ikishashuka ndio anakutolea ya moyoni, anaogopa kukwaruzwa.

Sasa mie siwalaumu wanaoogopa. Lawama zangu ni kwa hii tabia ya kumfanya mgonjwa aone maumivu ndio dawa yenyewe. Mashine za altrasoniki, zile za kubandua uchafu kwa mtikisiko wa kasi, zinatumika kwa meno tangu miaka ya 1950, ganzi iko kabla ya hapo, sasa kwanini mtu na ufizi wake umevimba anachokonolewa hivi hivi na akijikunja anaambiwa vumilia?

Mwezi uliopita nikampata mama kwa maneno matamu, tukavuka Mokowe alfajiri, basi mpaka Malindi, mgongo umekufa ganzi kabla hata ya kufika kwa daktari 😅. Daktari mwenyewe msichana mdogo, akamwamkia mama, na cha kwanza hakushika chuma, akampaka rangi kwenye meno kisha akampa kioo. Pale penye utando wa bakteria rangi inashika, pasafi haishiki. Mama akajiona nyuma ya meno ya chini kote pamekoza, akasema subhanallah, na mimi napiga mswaki kila siku!

Anapiga kweli, tena ule wa mti, na mswaki wa mti si wa kudharau, ila hapo nyuma ya meno ya mbele ya chini ndio penye matundu ya mate, na mate yana kalsiamu na fosfati, utando ukiachwa siku kadhaa madini yale yanauganda na unakua jiwe, ndio huo ukoga wenyewe. Ukishafika hapo ni kama vile vigamba vinavyoota chini ya mashua, hutoi kwa kusugua na kitambaa.

Ule utando laini daktari akautoa kwa kuupulizia maji ya uvuguvugu na unga wa erithritoli, ni jamii ya sukari ile wanayotia kwenye vitu vya wenye kisukari, chembe zake kama maikroni 14 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) na unywele wa mtu ni kama 70, kwahivyo unapita hata ukingoni mwa ufizi bila kuukwangua. (Zamani walikua wakipuliza bekin soda, chembe zake kubwa na kali zaidi.) Halafu ndio ikaja altrasoniki kwa yale mawe, ncha yake yatikisika zaidi ya mara 25,000 kwa sekunde huku maji yanaipoza, na palipokua pabaya akapaka jeli ya ganzi kwanza.

Ila tusidanganyane. Unga peke yake hautoi jiwe, ukiambiwa unga tu wamaliza kila kitu uliza tena. Na chini ya ufizi saa zingine vyuma vya mkono bado vinahitajika, fundi wa nakshi mzuri pia ana patasi lakini hapasui mlango. Mwenye pumu au aliewekewa mashine ya moyo kifuani aseme mapema kabla hajapulizwa chochote. Na ukitoka huko ukaona meno yana mianya na maji baridi yakuuma siku mbili tatu usianze kusema nimelegezwa meno, ile nafasi ilikua yako ukoga ndio ulikua umehamia.

Jengine, wale wanaokwambia lazima uje kila miezi sita hata kama mdomo uko salama. Uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, wale wanaokusanya tafiti za tiba na kuzipima, ulikuta kwa watu wazima wasio na ugonjwa mkali wa ufizi kukwanguliwa kwa ratiba hakuleti tofauti kubwa kwa miaka miwili mitatu. Mwenye ufizi unaotoka damu kama mama hesabu yake ni nyengine, huyo aangaliwe.

Kilichonipendeza zaidi kuliko mashine zote, yule binti alimwambia, "Mama, ukiumia inua mkono, mie nasimama." Mama akainua mara mbili, na mara mbili kweli akasimama. Hiyo haihitaji unga wala umeme, hata kwenye ile kliniki ya zamani ingewezekana.

Jioni kwenye boti ya kurudi mdomo wa mama bado una wekundu wa ile rangi, jirani mmoja akamwangalia wee akashindwa kunyamaza, "Bibi, tambuu hiyo wapi na sisi hutupi?"