Farasi, matarumbeta na ndafu ya watu

Naomba nianze kwa kukiri. Niliposema najua kupanda farasi, nilikuwa nimewahi kupanda punda. Tena punda mwenyewe wa bibi, kule Ngaramtoni, wa kubebea maji, nikapandishwa na binamu zangu kwa nguvu nikiwa na miaka tisa na nikashushwa na punda kwa hiari yake mwenyewe.

Ila ilikuwa mwezi wa nne jamani. Anayekula mkate wa utalii hapa Arusha anaujua mwezi wa nne, mvua zinapiga, wageni hakuna, Landcruiser zimepangwa uani kama zimefiwa, na sisi magaidi (wa kuongoza watalii, sio wale wengine) tunashinda kijiweni Sakina na madeni ya mama ntilie. Sasa chalii yangu mmoja akaja na mchongo, kuna shamba huko njia ya Usa River wana farasi, wanatembeza wageni, wanatafuta mtu wa kukaa nyuma ya msafara. Akaniuliza, farasi unajua? Nikamwambia mimi? Farasi? Aisee umenikosea heshima.

Pale shambani nikakabidhiwa kwa mzee mmoja wa Pangani, kila mtu anamwita Babu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia raba zangu, mpya, nyeupe.

"Hizo za kupandia farasi au za kipaimara?"

Kumbe kiatu kinatakiwa kiwe na kisigino kidogo, mguu usije ukapenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, ukaning'inia huku mnyama anaondoka na wewe. Hakuniuliza kama najua kupanda. Nadhani raba zilishamjibu.

Wiki nzima ya kwanza sikupanda kitu. Nilikuwa nafagia mavi, nabeba nyasi, nachokoa kwato na napiga burashi farasi mmoja mwekundu wa kilo 450 anayeitwa Diwani. Wameshampa jina hilo kwa sababu hakutafuti mpaka awe na shida na wewe. Babu akawa ananifundisha vitu vidogo vidogo ambavyo mimi niliona ni ushamba, usimjie kwa nyuma, simama hapa begani, ongea naye ajue ulipo, mkono uteleze mgongoni ukizunguka makalio yake. Kuna siku nikamkuna pale shingo inapokutana na mgongo, basi mdomo wake wa juu ukaanza kurefuka na kutetemeka peke yake kama mzee anayesaka kipande cha nyama kwenye jino. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Toka siku hiyo nikawa namkuna kila siku.

Wiki ya pili nikapanda. Kwenye duara, Diwani kafungwa kamba ndefu, Babu kashika upande wa pili, mimi juu sina hatamu wala vikuku, mikono nimeinyoosha kama ndege ya kwenda Zanzibar. Kutembea nikawa naweza. Kisha Babu akapaza sauti:

"Haya sasa, matiti!"

Nikanyamaza. Nikasema labda nimesikia vibaya.

"Matiti bwana we! Mtie matiti!"

Ikabidi nimuulize kwa heshima zote. Kumbe kwao pwani mnyama ana mwendo wa telki, ule wa kutembea upesi upesi, ana matiti, ule wa kudundadunda, halafu ana shoti, yaani mbio zenyewe. Mimi shoti nilikuwa naijua ya umeme tu. Na hayo matiti nyie acheni, ni sawa na kukaa siti ya nyuma ya kifodi kisicho na shoksapu, meno yanagongana, figo zinabadilishana vyumba. Dawa yake ni kuinuka na kukaa kwa kufuata mdundo, inuka kaa, inuka kaa, mimi nilikuwa nainuka yeye anashuka, nakaa yeye anapanda, tunakutana katikati kwa kishindo. Na Babu kule pembeni wimbo ni mmoja tu: "Kisigino chini! Kisigino!" Nikishusha kisigino nasahau mgongo, nikinyoosha mgongo kisigino kimepanda. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Kisigino chini. Nilikuwa nakisikia mpaka usingizini.

Siku moja nikaanguka farasi akiwa amesimama. Diwani akifungwa mshipi wa tandiko huwa anajaza tumbo pumzi, wewe unadhani umekaza, akishapumua mshipi unabaki unacheza. Mimi nikaweka mguu kwenye kikuku, nikajivuta, tandiko likazunguka taratibu, nikajikuta chini ya tumbo namwangalia kitovu. Hakusogea hata hatua. Babu akasema hapo ndipo ujue kaanza kukuzoea.

Kumzoesha nilikuwa na mbinu yangu nyingine sikumwambia Babu. Karoti. Kila nikienda napitia Tengeru nanunua fungu, nazikata kwa urefu zisimkabe, naweka kwenye mfuko wa koti. Ilipofika wiki ya tano Diwani akisikia tu sauti yangu getini anatoka mwisho wa uwanja masikio yako mbele anakuja mwenyewe. Nikapiga picha nikaweka status, "Amenikubali." Babu akaiangalia, akasema:

"Kakubali karoti."

Nikaona ni wivu.

Wiki ya saba, Jumamosi, Babu akaridhika tutoke nje ya shamba. Yeye kampanda jike moja zee, tulivu, wamezeeka wote, mimi mbele na Diwani, tunakula barabara ya vumbi katikati ya migomba na mibuni, Meru imefunguka yote, nikajiona kabisa mimi ndio mwenye mlima. Njiani ananikumbusha somo la kila siku, akikimbia usivutane naye kwa hatamu zote mbili, kilo 450 utavutana nazo wewe nani, mzungushe upande mmoja, duara dogo, dogo zaidi, mpaka asimame. Nikaitikia ndiyo Babu, ndiyo Babu, kama abiria anavyoitikia maelezo ya kufunga mkanda kwenye ndege.

Farasi anaona karibu pande zote, macho yake yako ubavuni, isipokuwa mbele kabisa ya uso wake na pale nyuma ya mkia. Sasa harusi ilitokea pale pale nyuma ya mkia.

Pikapu ya matarumbeta. Ilikata kona ikaanza kupiga kwa pamoja, lile tarumbeta kubwa linalozunguka mwili wa mtu kama chatu likatoa mlio, PAAAM, na mimi nikasikia mgongo wa Diwani unashuka chini ya makalio yangu. Babu jike lake alishaligeuza liitazame pikapu, limetulia linatafuna. Akanipigia kelele, "Mgeuze aone! Aone!" Naapa mimi nilisikia "aoe". Nikawa nawaza aoe nani.

Shoti. Ile ya Pangani na ile ya umeme kwa pamoja.

Duara dogo ningelizungushia wapi, kulia mtaro, kushoto mibuni ya watu. Hatamu niliziacha, nikakumbatia shingo, nikapiga ukunga mmoja mrefu usio na nukta. Na shida yenyewe iko hapa: Diwani anakimbia kelele, na kelele inaelekea huko huko anakokimbilia, maana barabara ni moja. Akichoka anapunguza, anaingia matiti, matarumbeta yanatufikia, PAAAM, shoti tena. Nyuma ya pikapu gari kama kumi na tano zina maua na zimewasha taa. Ghafla kamera man akanipita, kakaa kinyumenyume kwenye bodaboda, ananichukua usoni ananiambia "tabasamu bro". Watu wametoka majumbani, vigelegele, watoto wanakimbia pembeni, nikamsikia mama mmoja gengeni anasema bwana harusi huyooo, mwenzake anamuuliza mbona kavaa helmeti?

Mbele nikaona geti. Nikasema Mungu wangu, uwanja. Nikavuta hatamu moja kama nilivyofundishwa, kwa mara ya kwanza Diwani akanisikiliza, akakata kona, mlinzi akafungua geti lote akapiga saluti.

Ulikuwa ukumbi wa bustani. Ndio huko msafara wote ulikuwa unaenda.

Mahema meupe, viti vimefungwa vitambaa, watu wameshakaa. MC akaacha "moja mbili, moja mbili" akashika maiki kwa mikono miwili: "Kamati! Kamati hoyee! Hii hamkutuambia!" Mwenyekiti wa kamati akamwangalia mweka hazina. Mweka hazina akafungua daftari.

Hapo Diwani alikuwa amesimama, jasho linamtoka, pua zimepanuka, mimi nikamshukuru Mungu nikaanza kushuka, mguu mmoja uko hewani. Ndipo akanusa. Kichwa kikageuka polepole kuelekea meza kuu.

Ndafu. Harusi ilikuwa ya Kichaga, ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchomwa, ilikuwa imesimama mezani, imekaushwa vizuri, inang'aa, mdomoni majani, shingoni shada la karoti. Karoti zimechongwa maua. Diwani akaenda nayo uso kwa uso, mimi nimelala tumbo juu ya tandiko kama gunia, na akaanza kula ua moja baada ya jingine kwa adabu kubwa, kama aliyealikwa kwa kadi.

"We mwanaume! Mtoe punda wako!" Mpishi huyo, na mwiko.

"Sio punda mama, ni farasi."

"Mrefu au mfupi, mtoe!"

Babu akaingia getini na jike lake kwa mwendo wa kutembea. Kutembea! Akashuka, akanipita, akamshika Diwani, ndipo akaniuliza:

"Kala nini?"

"Mimi mzima Babu, ila mkono..."

"Sikukuuliza wewe. Kala nini?"

Farasi hatapiki. Kikishaingia kimeingia, kikimletea chango, yaani msokoto wa tumbo, anaweza kufa. Na yale maua ya karoti yalikuwa yameshikizwa kwa vijiti vya meno. Mpishi sura ikambadilika, akaweka mwiko chini. Akasema aliweka karoti sita, vijiti kumi na viwili, anakumbuka maana alivihesabu. Basi tukapiga magoti, mimi, Babu, mpishi na mweka hazina na suti yake, tunasaka vijiti chini ya meza kuu. Vitano. Tisa. Kumi na moja. Cha kumi na mbili hakuna. Tumepekua nyasi zote, mpaka mpishi akakiona, kimechomeka kwenye sikio la mbuzi.

Babu hakuridhika. Akaweka sikio ubavuni kwa Diwani, asikilize kama tumbo linafanya kazi. Matarumbeta ndio yanaingia getini. Akanyoosha mkono juu:

"Nyamazeni! Nasikiliza tumbo!"

Sijui alikuwa na sauti gani yule mzee, matarumbeta yakakatika, MC kanyamaza, watu kama mia tatu kimya. Gari la maharusi likasimama. Bibi harusi akashuka, shela lote, akategemea vifijo, akakuta ukimya wa msibani na mzee kainama sikio kwenye tumbo la farasi. Akabaki amesimama. Bwana harusi akavua miwani.

"Linaunguruma," Babu akasema.

"LINAUNGURUMAAA!" MC akapokea, na vigelegele vilivyolipuka hapo sijawahi kuvisikia kwenye harusi yoyote.

Tukarudi kwa miguu, Babu kashika hatamu zote mbili, hakusema neno mpaka shambani. Jumanne nikafika saa moja asubuhi nikitegemea nimefukuzwa, nikakuta Diwani keshafungwa kwenye ile kamba ndefu. Duara. Na mfuko wa koti nikapekuliwa.

Video ilikuja baada ya wiki mbili, imesambaa mpaka kwa shangazi yangu Moshi. Wameiweka slomosheni. Diwani anaruka, vumbi linapanda nyuma, Meru ile pale, mimi mdomo wazi mpaka kilimi kinaonekana, na ukunga wangu wameufuta wakaweka kwaya, yaani unaona kabisa naimba sauti ya pili.

Nikampelekea Babu. Akavaa miwani, akasogeza simu mbali, akaangalia yote. Akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Simamisha hapo. Nikasimamisha. Akaweka kidole kwenye kioo, chini kabisa, penye mguu.

"Kisigino kiko chini," akasema, akanirudishia simu, akaenda kukata majani.