Laptopu ya Gemu kwa Mombasa: Tazama Wati na Feni Kabla ya Jina la Kadi

Matangazo ya laptopu za gemu yanafanana karibu yote: i7 ya prosesa, RAM 16 ya kumbukumbu, SSD 512 ya kuhifadhia, RTX ya kadi ya picha. Mwenye laki na ishirini mfukoni huyapima maneno hayo manne, kisha huchukua yenye nambari kubwa. Kule bara kwenye baridi kosa hilo halimuumizi sana mtu. Kwa anayechezea chumbani Kisauni mwezi wa Machi, nje digrii 32 na upepo umekufa, ndilo linalomfanya alipe bei ya mashine kubwa akapata mchezo wa mashine ndogo. Maoni yangu ni kwamba kwa bajeti ya wastani, hapa pwani, pesa zitangulie kwenye mwili wa mashine: unene wake, feni zake, na wati ambazo kadi imeruhusiwa kula. Jina la kadi lifuate.

Tuanze na wati, maana hapo ndipo watu wengi hufungwa macho. NVIDIA, kampuni ya kadi za RTX, huuza kadi moja kwa watengenezaji wote wa laptopu, kisha kila mmoja huamua ataipa umeme kiasi gani. RTX 4050 na RTX 4060 za laptopu, kwenye karatasi za NVIDIA yenyewe, ni za kuanzia wati 35 hadi 115, na baadhi ya mashine huongeza juu ya hapo. ASUS TUF Gaming A15 ya 2023 iliweza kuisukuma 4060 hadi wati 140. MSI Cyborg 15 ilitoka na 4060 ya wati 45. Kibandiko ni kile kile na jina dukani ni lile lile. Kadi ya 4060 iliyobanwa hivyo inaweza kuachwa nyuma na 4050 iliyopewa wati 95, ilhali 4050 ndiyo ya bei nafuu.

Muuzaji akisema hajui wati, usibishane naye. Fungua NVIDIA Control Panel, nenda Help, kisha System Information, utafute mstari wa Maximum Graphics Power. Kwa 4050 mimi naona chini ya wati 75 si ya kununua, labda bei iwe imeshuka sana. Kama unaagiza na huwezi kuishika mashine, chukua namba kamili ya modeli, ile ndefu yenye herufi na tarakimu iliyo chini ya mashine, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Jina la jumla kama Victus ya HP au Nitro ya Acer halitoshi. Ndani ya jina hilo moja kuna mashine kumi tofauti.

Sasa joto. Video za wapimaji wa Ulaya na Marekani hupimwa kwenye vyumba vya digrii 21 au 22. Feni ya laptopu haitengenezi baridi, inasukuma hewa ya chumba tu, kwa hiyo kila digrii chumba kinayoongeza inaonekana ndani ya mashine karibu yote. Prosesa iliyofika 86 kwenye video itagonga 96 sebuleni Majengo, na hapo itakuwa karibu kabisa na kujibana, kwa kuwa nyingi za Intel zina kikomo cha digrii 100. Kadi za NVIDIA za laptopu huanza kupunguza kasi mapema zaidi, zikikaribia 87. Dalili yake ni rahisi kuijua: dakika kumi za kwanza gemu inateleza, ya kumi na tano inaanza kukwama, na ukiizima ikapoa mambo yanarudi sawa. Wengi hulaumu gemu, au hubadilisha RAM bure.

Ndiyo maana kwa bajeti hii siiamini laptopu nyembamba ya gemu. Wembamba unaopoa vizuri upo, lakini unalipiwa, na si kwa laki na ishirini. Igeuze mashine utazame chini: matundu yawe mengi na yakae juu ya feni zenyewe, feni ziwe mbili, na njia za kutolea hewa ziwe nyuma, ikiwezekana na pembeni pia. Uzito wa kilo 2.3 hadi 2.6 ni dalili njema. Ukiibeba kwenye matatu kutoka Mtwapa utaisikia begani, na iwe hivyo. Familia za Lenovo LOQ, ASUS TUF na Dell G15 ndizo ningeanzia; Nitro V na Victus 15 zinafuata, kwa sharti la wati nililotaja.

Kumbukumbu ya kadi ni jambo la pili. RTX 2050, na RTX 3050 nyingi, zina 4GB. Kwa eFootball, Valorant na GTA V zinatosha kabisa. Kwa gemu kubwa za miaka hii 4GB hujaa, na ikijaa mashine huanza kukopa RAM ya kawaida, ambayo kwa kadi ni polepole mno. Kinachotokea ni mikwaruzo: picha inaganda nusu sekunde kila unapoingia mtaa mpya. 6GB unaishi nayo ukiweka ubora wa sura za vitu (textures) kuwa wa kati. 8GB kwenye skrini ya 1080p hutahangaika. Na jihadhari na tangazo linalosema "graphics 8GB" bila jina la kadi. Windows huruhusu kadi ya ndani ya Intel kuazima hadi nusu ya RAM, na kuna wanaoiandika hiyo kana kwamba ni kadi. Fungua Task Manager, Performance, GPU, usome Dedicated GPU memory. Hiyo ndiyo yenyewe.

Na kama unachotaka ni mpira tu, EA Sports FC na marafiki siku za Jumamosi, nunua PS4 iliyotumika uunganishe na runinga. Sioni sababu ya kuingia gharama ya laptopu kwa gemu moja.

Kwenye prosesa sitakaa sana. i5-12450H, i5-13420H au Ryzen 5 7535HS zinaitosha 4050, na pesa ya kupandia i7 ina kazi bora kwingine. Tazama herufi ya mwisho tu: H au HS ndiyo ya gemu. i7 yenye U ni ya ofisi, hata ikiwa mpya.

RAM, lakini, ina mtego wake. Mashine nyingi za bei ya chini huja na kijiti kimoja cha 8GB. Tatizo si 8 pekee, ni kimoja: prosesa inasoma kwa njia moja badala ya mbili, na gemu zinazoitegemea prosesa, kama CS2 (Counter-Strike 2), hupungua waziwazi. Task Manager upande wa Memory huandika Slots used: 1 of 2. Ongeza kijiti cha pili cha ukubwa ule ule na kasi ile ile, na uhakikishe kwanza kama aina yake ni DDR4 au DDR5, maana pengo la kijiti haliko mahali pamoja na kimoja hakiingii kwa mwenzake. Fundi akikilazimisha, umepoteza ubao mzima wa mashine (motherboard). Zipo pia laptopu zenye RAM iliyochomelewa. Hizo hakuna la kuongeza, kwa hiyo ziwe na 16 tangu dukani.

Skrini: 144Hz, yaani kuonyesha picha hadi 144 kwa sekunde, ni kawaida siku hizi, usiilipie zaidi. Kinachotofautiana ni rangi. Kwa vipimo vya rangi, iliyoandikwa 45% NTSC huwa imefifia, 100% sRGB ni bora mara nyingi. Kama utachezea kwenye runinga ya nyumbani kwa HDMI, usihangaike na hili.

Nakuja kwa mashine za mtumba, zile zinazoitwa "ex-UK", yaani zilizotumika Uingereza, ambazo zimejaa Moi Avenue na Digo Road. Kwa mwenye elfu hamsini hadi themanini hizi zinaweza kuwa na maana kuliko laptopu mpya yenye 2050, ila utafute za uhandisi na si za ofisi: ThinkPad P52 na P53, HP ZBook 15 G5 na G6, Dell Precision 7540. P53, ZBook 15 G6 na Precision 7540 nyingi zina Quadro (kadi ya NVIDIA ya uhandisi) T1000 au T2000 yenye 4GB, ambayo chipu yake ni ya ukoo mmoja na GTX 1650. Gemu zinacheza. Ukiona "RTX 3000", usidhani ni ndugu wa RTX 3060. Quadro RTX 3000 ni ya 2019, kizazi cha RTX 20, ina 6GB, ni nzuri kwa bei ya mtumba lakini si ya kulipiwa kama ya kizazi cha 30. Za Intel kizazi cha 7 kwenda chini achana nazo: Windows 10 ilikatiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana.

Mashine hizi zilikuwa za makampuni, na kampuni huacha kufuli. Kabla ya kutoa pesa izime, uiwashe ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell au F10 kwa HP. BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, ikidai neno la siri, rudisha mezani. Hata muuzaji akiapa kuwa haisumbui, siku utakapotaka kubadilisha mpangilio wowote utakwama, na kulivunja neno hilo mara nyingi ni kazi ya kufungua ubao. Kisha fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Faili linalotoka linaonyesha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, kata bei ya betri mpya.

Halafu kuna chaja, na hapa watu huibiwa wakitazama. Mashine inayotaka wati 170 huuzwa na chaja ya 65 au 90 kwa kuwa ncha inaingia na taa inawaka. Nyumbani unacheza, betri inashuka huku umechomeka, na kasi imekatwa nusu. Soma kibandiko cha chaja: zidisha volti kwa ampea. 20V mara 8.5A ni wati 170. 19.5V mara 4.62A ni wati 90, na hiyo si ya mashine ya gemu. Plagi za Uingereza ni zile zile zetu za miguu mitatu, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kukosa chaja yake halisi.

Stima ikipotea usiendelee kucheza. Kwenye betri kadi hupewa umeme kidogo tu, na betri inayomwagwa kwa nguvu ndani ya mashine iliyochemka huzeeka haraka. Stima ikirudi inaweza kuruka juu. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, kinafaa pia kwa chaja. Na kwa kuwa laptopu ya gemu huishi imechomekwa, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80 kwenye Lenovo Vantage, MyASUS au programu ya mtengenezaji wako. Betri iliyojaa na yenye joto muda wote ndiyo inayovimba. Padi ya kugusa ikianza kuwa ngumu kubofya au kuinuka upande mmoja, acha kuitumia mashine mpaka betri itolewe.

Chumvi ndiyo tofauti yetu na watu wa bara. Hewa ya Nyali, Bamburi au Likoni inabeba chumvi na unyevu, na feni inaivuta moja kwa moja kwenye mapezi membamba ya kupozea. Vumbi likikutana na unyevu huo halibaki vumbi, linakuwa utando unaoziba. Skrubu za bawaba hushika kutu, matundu ya USB hupata ukungu wa kijani. Usiiweke meza ya mchezo kwenye dirisha linalotazama bahari, hata kama upepo ni mtamu. Kama chumba chako kina kiyoyozi, usiitoe mashine baridi ukaiwasha barazani papo hapo. Unyevu hugandia juu ya chuma baridi, ndani pia. Iache kwenye mkoba uliofungwa nusu saa ipate joto la nje.

Ifunguliwe na kusafishwa kila miezi sita, kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, feni zikishikwa kwa kidole zisizunguke. Pesti ya kupoza, ile inayopakwa juu ya chipu, ibadilishwe baada ya mwaka au miaka miwili: MX-4 au MX-6 inatosha, au karatasi ya PTM7950 inayolainika ikipata joto na kukaa muda mrefu zaidi. Fundi akikushauri metali ya maji (liquid metal), kataa. Ikivuja inaunguza ubao. Vile vipande laini vilivyo juu ya kumbukumbu ya kadi vikichanika, virudishwe vya unene ule ule, la sivyo bamba la kupoza halitagusa chipu.

Kuna dawa mbili za bure. Inua nyuma ya laptopu sentimita tatu hadi tano, na panka la chumba lipulize kuelekea mashine. Pili, kwenye mpangilio wa umeme wa Windows weka Maximum processor state iwe 99%. Hiyo inazima turbo, yaani kasi ya ziada, prosesa inashuka digrii nyingi, na kwa gemu zinazoitegemea kadi hutaona tofauti ya picha. Kwa CS2 utaiona, basi huko iache 100% ufunge fremu kwenye 100 kwa sekunde badala yake. Na kama CS2 inachelewa kwa sababu ya intaneti, hilo si la laptopu: nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, lakini seva za gemu hiyo zilizo karibu nasi ziko Johannesburg na Dubai, na hakuna kadi inayofupisha njia hiyo.

Dukani, jipe saa moja, na uende mchana jua likiwa kali, si asubuhi. Beba flashi yenye HWiNFO64, programu ya kusoma joto na umeme, na CrystalDiskInfo, ya kusoma afya ya diski. Chomeka chaja itakayouzwa nayo, washa gemu yoyote nzito waliyo nayo, icheze dakika thelathini skrini ikiwa 1080p, kisha usome HWiNFO: joto la juu la prosesa, joto la kadi, na GPU Power kwa wati. Kama kadi imeanza na wati 90 ikamaliza na 55, mashine hiyo haitapona ukiifikisha nyumbani. Muuzaji akikataa jaribio hilo, maduka ya upande wa pili wa barabara bado yako wazi.